Chumba Kisicho na Ufa

Nianze na hili, nisije nikaambiwa namsema mzazi wangu: baba yangu ni fundi. Si fundi wa kubahatisha, leo anajenga kesho anauza miwani. Ameshika mwiko miaka arobaini, na mtaa wote unamwita Timazi, kwa jina la kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi kuona kama ukuta umesimama wima. Akipita barabarani hasalimii watu kwanza, anasalimia kuta zao. Anafumba jicho moja, anatazama pembe ya nyumba yako, anaguna. Akiguna, wewe mwenye nyumba huna raha wiki nzima.

Sifa yake kubwa ni plasta. Plasta ya Timazi haipasuki. Mafundi wenzake waliapa kwamba anachanganya mayai kwenye saruji. Wengine wakasema sukari. Wengine wakasema waziwazi kwamba mzee ana mganga wake. Yeye alikuwa akicheka tu, maana fundi siri yake ikishajulikana, kwisha habari yake, amebaki kibarua kama vibarua wengine. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Ukuta ukiwa tayari kwa plasta, aliwafukuza watu wote. "Nendeni mkale." Hata kama ni saa tatu asubuhi na wametoka kunywa chai sasa hivi. Wakirudi walikuta mkono wa kwanza wa plasta umeshapigwa na Timazi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajifuta jasho. Hapo katikati alifanya nini? Hakuna aliyejua. Mama hakujua. Hata mimi, kitinda mimba wake, niliyesimuliwa mpaka aibu za shangazi zangu, sikujua.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni chumba cha Mama. Mama alipokuwa msichana aliumwa na nge aliyetoka kwenye ufa wa ukuta, na tangu siku hiyo ufa kwake si ufa, ni mlango wa nge. Nyumba yoyote akiingia, kabla hajakaa alikuwa ameshahesabu nyufa. Walipooana Baba alimwambia, "Nitakujengea chumba kisicho na ufa." Akajenga. Kuta nne na dari yake ya zege, vyote kwa plasta yake, ndani na nje. Mlango akaweka wa chuma, akaupima mpaka unyoya haupiti chini, na dirisha nalo la chuma, limebana vivyo hivyo. Miaka ishirini na sita, hamna ufa hata wa kupitisha unywele. Wageni wakija, wengine huoneshwa picha za harusi. Wetu walikuwa wanaoneshwa ukuta. Msumari haukuruhusiwa. Saa ya ukutani ilikaa mezani.

Kasoro ilikuwa moja tu. Ukiingia mle na simu, simu inageuka saa. Inakuonesha muda, basi. Hakuna kupiga wala kupigiwa. Tulishazoea: simu ikilia sebuleni, Mama anatoka anakuja kuongea. Baba alikuwa akisema kampuni za simu ni wezi, na sisi tukaitikia, kwa sababu nani atabisha kwamba kampuni za simu si wezi?

Sasa Mama akaanguka bafuni. Nyonga ikavunjika, na kulala kukaleta kifua. Daktari akasema asihamishwehamishwe. Tulijaribu mara moja kumbeba na godoro lake tumlete sebuleni apate kubadili hewa. Kelele aliyopiga iliwaleta majirani mbio, mmoja na mwiko wa ugali mkononi. Hatukujaribu tena. Mama akawa mtu wa chumba kile, asubuhi na jioni, anatazama dari ile nyeupe ya mume wake.

Na hapa ndipo anapoingia Dada. Dada ni mkubwa wangu, yuko nchi ya mbali mwaka wa saba. Siku aliyoondoka aligombana na Mama. Mama alitaka abaki amalize chuo. Dada akasema chuo hakilishi mtu. Asubuhi ile Dada alimpigia Mama magoti pale kitandani, amuombee, ampe radhi yake. Mama akageukia ukutani. Akasema, "Nenda, lakini radhi yangu inabaki hapa." Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi la Dada kichwani, nikasikia, na Dada akainuka akaja akanichukulia lile begi. Tangu hapo walikuwa wakiongea kwenye simu, lakini maongezi ya mvua na ya bei ya vitunguu. La radhi hakuna aliyeligusa. Dada akifukuzwa kazi anasema ni radhi. Mimba ikiharibika, radhi. Kuja hawezi, maana makaratasi yake yamekaa kwenye ofisi moja huko mwaka wa pili, na akitoka kabla hayajajibiwa, kurudi ndoto.

Mama alipolala pale wiki ya tatu, akaniita. Mimi kazi yangu ni kusuka nywele, nasuka hapo hapo kibarazani kwetu, kwa hiyo mgonjwa nilikuwa naye mimi. Kila siku nilikuwa nikirekodi sauti ya Mama chumbani, natoka mbio hadi kwenye kamba ya nguo uani, ndiko mtandao unashika vizuri, natuma, nasubiri ya Dada, naingia nayo. Mteja ananisubiri na nusu ya kichwa. Nikawa mimi ndiye mnara wa simu. "Mwambie nimekunywa supu." Mbio. "Muulize supu ya nini." Mbio. Siku hiyo nikamwelekezea simu kama kawaida, Mama akaisukuma.

"Nimeamua kumpa radhi mwenzio," akasema.

"Sema basi, Mama, inarekodi."

"Hiyo haibebwi, mwanangu. Si nyanya hizo za kutia kwenye kapu. Nilimnyima ana kwa ana, nitampa ana kwa ana. Nataka nimwone uso akiipokea, naye anione mimi."

Nikabembeleza. Nikamwambia Mama, dunia ya leo watu wanafunga ndoa kwa simu. Akaniambia wafunge. Baba alikuwa mlangoni na kikombe cha dawa. Alisikia yote. Akaweka kikombe mezani, akavaa viatu, akatoka. Aliporudi alikuwa na boksi.

Alikuwa ametoka kwa Fufua. Huyo ni fundi wa kompyuta, duka lake liko mkabala na kinyozi. Anauza mitumba ya ofisi: kompyuta zilizofanya kazi kwa watu miaka mitano, zikachoka, zikatupwa, yeye anazifungua, anazisafisha kwa brashi na spiriti, anabadilisha kilichokufa, anabandika karatasi ya kijani "IMEPIMWA". Ndiyo maana wakamwita Fufua. Mama aliposikia jina hilo alicheka mpaka akakohoa. "Mwambieni huyo anayefufua apite na huku."

Mimi sikuipenda habari ya mtumba. Nikamwambia Baba rahisi huvunja upishi. Akanijibu, "Mimi mwenyewe ni mtumba, na bado nasimama."

Ndani ya boksi mlikuwa na kompyuta yenye skrini kubwa, kubwa makusudi, ili Mama amwone Dada vizuri bila miwani, na ruta ya kugawa waifai, yenye pembe mbili kama konokono. Fufua alikuja mwenyewe kuvifunga sebuleni. Kompyuta ile ilikuwa ya mhasibu wa ofisi fulani, na Fufua aliisafisha vitu vyote akasahau salamu. Kila ikiwaka inaandika KARIBU, MHASIBU. Baba alikuwa anaitikia. Nakuambia kweli, kila ikiandika hivyo anakaa vizuri kwenye kiti, anafunga kifungo cha shati.

Sebuleni ilifanya kazi hiyo, usiseme. Dada akatokea skrini nzima, mpaka kovu la utotoni juu ya nyusi tukaliona. Tukapiga vigelegele. Dada analia, mimi nalia, Baba anaangalia ukuta uliokuwa nyuma ya Dada huko alikokuwa, akaguna. "Wamekuibia hao. Ukuta umelala." Tukacheka. Kisha tukaibeba kompyuta kuipeleka kwa Mama. Tukapita mlango wa chuma, na Dada akaganda mdomo wazi. Kisha akapotea.

Tukarudi nyuma hatua mbili, Dada akarudi. Tukaingia, akapotea. Mama amejiegemeza kwenye mito, nimeshampaka mafuta usoni, nimemfunga kitambaa kizuri, anasubiri. "Yuko wapi?" akauliza. Nikasema anakuja, Mama. Alisubiri hivyo mpaka mafuta yakakauka usoni.

Baba akasema mashine mbovu. Akairudisha ruta. Fufua akampa nyingine, ya pembe nne, iliyotoka chumba cha mikutano cha kampuni kubwa. Ikaleta mambo yale yale. Akaongeza kile kidude cha kuchomeka ukutani cha kuongeza nguvu, busta. Tukakichomeka koridoni karibu na mlango. Koridoni mawimbi yamejaa, unaweza kuyachota kwa kata. Chumbani, saa. Baba akarudisha na hicho. Fufua akaanza kununa, na mimi simlaumu. Alimtoa Baba nje ya duka, akamwonesha. "Mzee, hii hii unayoniambia mbovu, angalia, inafika kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Kinyozi anatazama mpira kwa hii."

"Kinyozi yuko hewani. Mimi nina nyumba."

"Basi niione hiyo nyumba."

Akaja mara ya pili. Huyu mtu ana akili, jamani. Hakugusa mashine hata moja. Aliingia chumba cha Mama, akamwamkia, "Shikamoo Mama, pole na kuumwa," kisha akaanza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, huku na huku, kama daktari anavyogonga kifua. Akafikia dirisha, akagonga pembeni yake. Akaguna. Nikajua leo kazi ipo: kumgunia Timazi ukuta wake!

"Mzee," akasema, "ukuta huu ndani una nini?"

"Una tofali, saruji na jasho langu."

"Hakuna chuma? Bati, wavu, kitu kama hicho? Maana mawimbi yakikuta chuma yanageuka, hayapiti. Tofali tupu halifanyi hivi."

"Nimekuambia saruji."

Fufua akamtazama Baba, Baba akatazama dari. "Sikia, fundi kwa fundi," Fufua akasema kwa upole. "Siendi kumwambia mtu. Ndani mna nini?"

"Fundi akishindwa husingizia ukuta," Baba akajibu.

Mimi nilikuwa upande wa Baba. Ndiyo, nasema ukweli. Nilimwona Fufua mjanja anayetafuta mlango wa kutokea, muuza mitumba amebanwa. Akasema basi tutoboe tundu, la kidole tu, tupitishe waya, ruta yenyewe iingie ikae humu humu na mgonjwa. Mawimbi yasipopita ukuta, yapitishwe kwenye waya. Baba akasema chumba hiki hakitobolewi. Akasema ng'o. Kupitisha mlangoni au dirishani haikuwezekana, vyuma vile ukivifunga vinakata waya kama mkasi, ukiviacha wazi vumbi la barabarani linamwingia Mama kifuani anakohoa mpaka midomo inageuka bluu. Fufua akakusanya vifaa vyake. Pale mlangoni akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Msusi, mashine zangu ni nzima."

Ikapita wiki nyingine hivyo. Baba anaamka, anakwenda kwa Fufua, anabadilisha, anarudi, anafunga, anashindwa. Kila asubuhi Mama ananiuliza, "Leo?" Nami namfunga kile kitambaa kizuri. Sauti yake ilikuwa inapungua, siku hizo nilikuwa nainama kumsikia. Dada naye kazini kwake huko, anafua mashuka ya hoteli, kila mapumziko anafungua simu anakaa tayari. Anaona sebule yetu, anaona koridoni, anaona mlango wa chuma. Hapo anaishia. Aliwahi kuniambia, "Mdogo wangu, mlango huo sasa nauota."

Nilikuwa najisikia sina mikono. Ukisuka, nywele zikikataa njia hii unazipitisha ile. Hapa sikujua hata nishike wapi.

Siku ya nesi ndiyo siku nitakayoisimulia mpaka nife. Baba alikuwa dukani kwa Fufua. Nesi alikuja kumtundikia Mama chupa ya maji ya mshipani, akatafuta pa kuitundika, hakuna. Akaniambia, "Lete msumari tupige hapa." Nikamwambia dada nesi, chumba hiki hakijawahi kuonja msumari. Akanitazama nikaona aibu. Nikachukua nyundo ya Baba, nikasema liwalo na liwe, nikapiga.

Msumari uliingia kidogo ukagonga kitu kilicholia. Nikapiga tena. Plasta ikamenyuka, kipande cha ukubwa wa kiganja, kikaanguka miguuni kwangu. Nyuma yake palikuwa na wavu. Ule wavu wa kuku, wa matundu ya pembe sita, umebana ukutani, umeota kutu. Nikaingiza kidole, nikafuata. Unakwenda kulia, unakwenda kushoto, unapanda juu kwenye dari.

"Ni ufa?" Mama akauliza kutoka kitandani.

"Si ufa, Mama."

"Nimesikia kitu kimeanguka."

"Ni nyundo, Mama. Lala."

Tukaitundika chupa kwenye nondo ya dirisha. Mimi nikatoka, nikakaa chini koridoni. Nikawaza: miaka ishirini na sita mama yangu analala ndani ya tenga la kuku. Na mwenye tenga aliulizwa. Aliulizwa mbele yangu, mara mbili.

Baba akaja na boksi jingine kwapani. Nikamshika mkono, nikampeleka, nikamwonesha kwa kidole, kimya, Mama asisikie. Unajua alisema nini? Hakusema, "Mama yako anaendeleaje?" Hakusema hata lo! Alisema, "Nesi ameona?"

Nikamvuta koridoni. Mimi nikikasirika sauti yangu haipandi, inashuka, na Baba anajua hilo ni baya zaidi. "Ndiyo siri hiyo? Ndiyo mayai na sukari? Wavu wa kuku?"

"Unashika plasta isipasuke," akasema. "Vyumba vingine naweka kwenye pembe tu. Cha mama yako nilizungusha chote. Na dari. Pande mbili." Na hapo, Mungu anisamehe, niliona bado anajisifu kidogo. Kisha kiburi kikamwishia. "Sikujua, Kitinda. Mwaka ule waifai ilikuwa wapi?"

"Mwaka ule hukujua. Juzi je? Fufua alikutajia wavu kwa jina!"

"Nilidhani anasingizia."

"Na kutoboa?"

Akautazama mlango wa chuma. Kutoboa kungetoa wavu nje, vumbi lingeonesha, Fufua angeona, mtaa ungejua. Hakuhitaji kunieleza. Tuna methali yetu, tunaipigia watoto kelele kila siku: mficha maradhi kifo humuumbua. Niliitaka kuisema, nikaimeza, maana neno kifo sikutaka litoke mdomoni mwangu karibu na mlango ule.

Nikatoa simu nimpigie Fufua. Baba akanishika kifundo cha mkono. Hajawahi kunishika hivyo. "Nipe mpaka kesho asubuhi," akasema. "Niende mwenyewe. Nimwambie kwa mdomo wangu. Nisisemewe na mwanangu kama mwizi. Kesho tu, mwanangu. Duka likifunguliwa."

Mkono wake ulikuwa umekauka kwa saruji, kucha mbili hazijaota tangu nikiwa mdogo. Nikaiangalia mikono hiyo iliyonilea. Nikasema haya. Kwa hiyo hilo la siku moja msimwachie Baba peke yake, ni langu pia.

Asubuhi yake aliondoka mapema, ameoga, amevaa shati la kutokea. Mimi nikachemsha maji, nikaingia kumnawisha Mama. Nikamwita. Alifumbua macho, akanitazama, akataka kusema lile neno lake la kila asubuhi, "Leo?" Mdomo ukaenda upande. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, akashangaa mwenyewe, macho yakawa makubwa. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kama si wake. Nikapiga kelele, halafu nikatoka mbio kwenye kamba ya nguo kumpigia nesi, na hata katika hilo, oneni, ilibidi nimwache nitoke nje ndipo simu ishike.

Nesi akaja, akamshika hapa na pale, akaniambia ni kiharusi. Akaniambia tusubiri. Nikamuuliza tusubiri nini, akaanza kufunga begi lake.

Hapo ndipo Baba alipoingia na Fufua. Nawaona mpaka leo: wanakuja pamoja, wameshikana mikono, Fufua amebeba mashine ya kutobolea na mzingo wa waya, na Baba anatabasamu. Alikuwa ameshasema. Ameutua mzigo wake, na Fufua hakumcheka, alimwagizia chai. Alikuwa amepungua miaka kumi usoni. "Kitinda, mtengeneze mama yako," akaita tangu getini. "Leo ndiyo leo!"

Nilimwambia. Sikumbuki nilitumia maneno gani. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilichelewa, lilibaki pale mdomoni halina mwenyewe. Akaingia, akamwona Mama. Kisha akamwambia Fufua, "Toboa."

Fufua akatundika shuka lenye maji kati ya kitanda na ukuta ili vumbi lisimfikie mgonjwa. Akatoboa kutoka koridoni, pale chini karibu na sakafu. Mashine ililia, ikagonga wavu, ikalia zaidi, ikapita. Akasukuma waya, akaingia ndani akauvuta, akachomeka ile ruta ya chumba cha mikutano, ile ile tuliyoiita mbovu, taa zake zikawaka za kijani zote nne. Robo saa. Nilitazama ile saa ya mezani, kwa hiyo nina hakika. Robo saa, na hakuna hata aliyetoka jasho.

Tukaweka kompyuta juu ya stuli mbele ya kitanda. KARIBU, MHASIBU. Safari hii Baba hakukaa vizuri.

Dada akatokea. Yuko kazini, kofia ya plastiki kichwani, nyuma yake mashuka yamepangwa mpaka juu. Picha haikuganda, haikukwaruza. Nilikuwa nimemweleza kwa haraka kwamba Mama hali yake si nzuri, lakini sikumweleza lote, ulimi ulikataa. Alipomwona Mama akashuka. Alipiga magoti hapo hapo kwenye sakafu ya kazini kwake, uso ukatoka kwenye kamera ukarudi.

"Mama," akasema. "Ni mimi. Nimekuja."

Mama alimwona. Hilo naliapia. Macho yaliacha kuzunguka yakatulia pale, maji yakatoka jicho moja. Ule mkono mzima ukanyanyuka kwenye shuka, kiasi cha upana wa vidole vinne, ukaanguka. Midomo ikaanza kwenda. Ilikwenda kwa muda, maneno mengi, si neno moja. Nikainama, nikaweka sikio langu mdomoni kwake kabisa. Nikasikia pumzi.

"Amesema nini?" Dada akauliza. "Sema tena, Mama. Nyie mliopo hapo, amesema nini?"

Ningeweza kulisema mimi. Kuna ugumu gani? Neno lenyewe nalijua, mwenyewe aliniambia ameshaamua. Lakini alisema halibebwi. Na labda hakuwa analisema hilo, labda alikuwa anaomba maji, au ananiuliza kwa nini nimechelewa. Nikamtazama Baba anisaidie. Baba alikuwa anatazama tundu. Fufua alikuwa anazungusha waya uliobaki, anauzungusha na kuuzungusha.

"Mdogo wangu! Amesema nini Mama?"

"Mtandao," nikasema. "Mtandao unakatakata, Dada. Sauti haifiki vizuri."

Dada akasogeza uso karibu, mpaka lile kovu likajaa kwenye skrini.

"Unakatika wapi?" akasema. "Mimi nawaona wote. Nawasikia. Hata pumzi zake nazisikia."

Baba akachukua ufagio nyuma ya mlango, akainama, akaanza kufagia vumbi lililotoka kwenye lile tundu. Lilikuwa la kujaza kijiko kimoja.